Tembo wa kwenye methali si ndovu

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwenu manake hili jambo lanikera mno. Juzi mjukuu wangu kaja na kitabu chake cha mazoezi, pale kwenye "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" wamechora ndovu, ndovu kabisa na pembe zake, mtu amnywesha maji kwa ndoo! Mtoto wa Mombasa, kazaliwa Kisauni minazini, leo aambiwa tembo hapo ni mnyama.

Jamani tembo ni pombe ya mnazi. Mgema apanda asubuhi na jioni na kotama yake, kile kisu cha kugemea, akata kidogo tu ncha ya karara, yaani chipukizi la maua ya mnazi, utomvu wachuruzika kwenye kibuyu, sasa watu wakishamsifu kwamba lake ndo tamu wateja wanajazana, tembo halitoshi, basi aongeza maji. Hata sarufi yenyewe yamkataa huyo ndovu, angekuwa mnyama si ingesemwa humtia?

Na "Maji ya kifuu bahari ya chungu" kaambiwa ni chungu cha kupikia. Chungu cha kupikia kitaingiaje kwenye kifuu? Hao ni wadudu, wengine wawaita sisimizi, kifuu kishakunwa nazi kimetupwa uani, mvua ikinyesha maji yatuama humo, mie nimewaona kwa macho yangu chungu wakihangaika ukingoni pale hawana pa kuvukia. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake" nako wadhani mwamba ni jiwe, kumbe ni yule awambaye ngozi kwenye mzinga wa ngoma. Tezi, omo na ngama za "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" ndo usiseme, na bandari ya kale iko hapo hapo Mji wa Kale, wapelekeni watoto waonyeshwe jahazi nyuma, mbele na chini kunakotuama maji.

Mitandaoni nako waweka picha ya jua likizama wanaandika "methali ya Kiafrika" basi. Afrika gani? Ya Waswahili, ya Waakan, ya Wazulu? Misemo ya Waswahili ishaandikwa zamani, mmishonari Mwingereza William Taylor aliyekaa hapa Mombasa aliichapisha London mwaka 1891, kwa hivyo wenyewe tunajulikana.

Ombi langu ni kila Jumamosi mtupe methali moja na kile kitu ilichotokana nacho, na kabla ya kuchapa muulizeni mgema, muulizeni nahodha. Mie jirani yangu kagema miaka mingi, mkitaka nitamleta ofisini na kotama yake.

Msomaji wenu, Kisauni, Mombasa