Chupa nne ndani ya moja: tuelewane kuhusu mafuta ya karafuu na mkaratusi

Sisi wauza mafuta ya mimea tumeitwa wezi tena. Mama mmoja mwenye saluni hapa Bukavu alimimina mafuta yetu ya karafuu katika ndoo ya maji, akapiga deki, kisha akaja kulalamika kwamba tumemuuzia harufu tupu. Mama, mafuta haya hayayeyuki majini. Ya karafuu ni mazito, yalizama chini ya ndoo yakaishia mtaroni. Ya mkaratusi yangeelea juu. Ndiyo sababu tunauza pia yaliyokwisha kuvurugwa na sabuni ya maji, na kazi hiyo ina bei yake.

Kinachotuchosha zaidi ni kuchanganya ovyo. Mtu anakusanya vichupa vya bei rahisi pale soko la Kadutu, karafuu, mchaichai, limau, mkaratusi, anatia vyote pamoja akidhani nguvu ya kuua vijidudu imejumlika. Karafuu ina kemikali iitwayo eujenoli, mchaichai una nyingine iitwayo sitrali, na vyote viwili huharibu utando wa bakteria hadi vya ndani vivuje. Sineoli, kemikali ya mkaratusi, kwa kawaida ni dhaifu kuliko hivyo. Ukijaza nusu chupa mkaratusi, karafuu yako imebaki nusu, basi.

Yapo yanayosaidiana kweli. Maabara hupima kila moja peke yake, kisha pamoja. Yakiwa pamoja, kila moja likizuia bakteria kwa robo tu ya kipimo chake cha kawaida, hapo ndipo wanasema yamesaidiana. Mengine hujumlika tu, na mengine hupingana. Tena bakteria aitwaye Staphylococcus, yule wa majipu, hushindwa upesi, lakini mwenzake Pseudomonas ana utando wa nje unaoyazuia mafuta. Anayekuapia kwamba chupa yake inaua kila kijidudu, mkimbie.

Kuna kijana aliyepaka karafuu isiyopunguzwa juu ya kidonda ili aokoe pesa ya dawa. Ngozi iliungua, na pesa ya hospitali ikapita bei ya chupa mara nyingi.

Mnauliza kwa nini sisi ni ghali. Kilo 100 za mchaichai mbichi kwa kawaida hazitoi hata kilo moja ya mafuta, na makaa ya kuchemshia mnajua wenyewe yanauzwaje. Hayo ya rahisi yapime: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uache hadi kesho. Likibaki doa la kung'aa, huenda umeuziwa mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu.

Ukija, tuambie kwanza ni ya sakafu, nguo au sabuni ya mikono, tukupimie. Na chupa zetu za kahawia msizitupe: ukirudisha, tunakupunguzia bei.