Pangani tupange ukingo wetu kabla daraja halijafunguliwa

Mhariri,

Daraja la Mto Pangani, lenye urefu wa mita 525, ndilo gumzo la mji wetu. Likikamilika pamoja na barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, magari yatapita mlangoni petu. Je, yatasimama?

Ukingo wa mto, pale penye gati na majengo ya kale, ungewasimamisha wasafiri. Tatizo ni kwamba ukanda huo mfupi una wenyewe wengi. Gati liko chini ya Mamlaka ya Bandari, magofu yanalindwa na sheria ya Mambo ya Kale, ardhi nyingine ni ya Halmashauri, na ukigusa mto unakutana na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mtu anayetaka kuweka kibanda cha kahawa tu huzungushwa ofisi hadi ofisi mpaka anakata tamaa.

Kisha kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, maana bahari inatula kweli. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli za eneo hilo. Miti ya kivuli, mabenchi na vibanda vya mbao vya kuhamishika havihitaji zege.

Fedha? Tuanze na kidogo: choo cha umma, taa, na ngazi imara za kushukia majini. Maji yakipwa, kina mama wanakunja kanga na kukanyaga tope, mizigo kichwani, ili tu waifikie mashua. Mamlaka ya Bandari haina haja ya kutoa ardhi yake; iikodishie Halmashauri sehemu isiyotumika.

Ila tusiwafukuze watu. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, na wauza vyakula wakarudi kwenye meza zao. Kwetu, majahazi ya kwenda Unguja ndiyo uhai wa bandari. Yakiondolewa, mgeni atatazama nini?

Namwomba Mkuu wa Wilaya aziite ofisi zote hizo kikao kimoja, watoke na ramani moja: hapa majahazi, hapa samaki, hapa pa kupumzikia. Manahodha na mama lishe wakae humo kama wajumbe wenye kauli.

Mkazi wa Pangani,
Tanga