Kaka, wiki mbili zako haziishi?

Kaka shikamoo.

Meseji yako ya juzi nimeiona, "hivi Sera bado mnaye?" Nikacheka peke yangu jikoni mpaka mama akauliza kuna nini. Tunaye. Tunaye yeye, tuna Mzee, tuna Mtajua na tuna Boda. We ulituachia mbwa mmoja, Sera, hapa Nkuhungu Dodoma, ukasema wiki mbili tu, nikishatulia Dar nakuja kumchukua, sa hivi mwaka wa tatu unakatika na mbwa ni wanne.

Halafu ulituambia kafungwa kizazi. Kaka! Hata mwezi haujaisha madume ya mtaa mzima yamejipanga getini usiku kucha, sisi tunayafukuza ya nje kwa mawe kumbe Mzee, dume letu la hapa nyumbani, yuko ndani ya fensi, na uzee wake ule na meno yake manne, tulimdharau aisee. Siku sitini na kitu baadaye tukakuta watoto sita nyuma ya simtanki. Wamefumba macho wote, wakaja kufumbua kama siku ya kumi na nne hivi, nikamwambia mama umeona, hizi ndo wiki mbili alizosema kaka. Wanne tukagawa, wawili wakabaki kwa sababu mama alishawapa majina, na mama akishampa kitu jina hakitoki. Mtajua kaitwa hivo ili mtu akiuliza "huyu anaitwa nani" ajibiwe.

Msosi sasa. Kila jioni nasonga sufuria ile ya msibani, dona na dagaa wa kuku, kila mmoja na kona yake maana wakila pamoja ni vita. Sera wako anachambua dagaa anaacha ugali, sijui ulimlea kwenye hoteli gani. Jumamosi nafuata mapupu buchani, siku hizi naitwa Mama Mbwa mbele za watu na naitika.

Jirani yetu mama wa swala tano unamkumbuka, akitaka kuja anapiga kelele toka kwake "fungeni mbwa nakujaaa" maana hataki ulimi wa mbwa uguse dira lake, akaanze kulifua upya. Tunafunga. Ila Idd el Hajj ikifika mifupa ya mbuzi analeta yeye mwenyewe, anairushia bandani kwa mbali, eti hawapendi.

Kilichonitoa jasho ni Boda. Yule pikipiki haimpiti. Siku moja kijana kaleta gesi, geti halijafungwa vizuri, Boda katoka kamshika shavu la mguu. Jino limeingia, damu hiyo. Nami najua jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, siyo kupakwa majivu wala kitunguu, sasa maji yanayotiririka Dodoma siku ya mgao unayatoa wapi? Bomba linakoroma tu. Nikapanda juu ya simtanki, mama kamshika kijana mguu, mi namwaga kwa jagi, ndoo mbili zikaisha, kijana analia mama anahesabu dakika kwa saa ya ukutani. Tukampeleka hospitali akaanza sindano. Kadi za chanjo tulikuwa nazo, bwana mifugo huwa namwita kila mwaka kwa wote wanne, lakini hata hivo Boda tukaambiwa tumfungie siku kumi aangaliwe. Hizo siku kumi sikulala kaka. Kile kichaa cha mbwa kikishamuonyesha mtu dalili hakuna kurudi nyuma. Siku ya kumi na moja Boda kaamka kaiba ndala yangu, nikajua mzima. Geti lina komeo jipya, na kijana wa gesi anapiga simu kwanza.

Sasa unasema nyumba yako ina uzio, Krismasi unakuja kumchukua Sera. Mi sikatai, mbwa ni wako. Ila ujue Sera halali bandani tena. Ule upepo wa mwezi wa saba ulivyokuwa unapiga, mama, huyu huyu mama aliyetuchapa kwa kuingiza mbwa sebuleni, ndo aliyemtandikia kitenge mlangoni kwake. Usiku fisi wakilia upande wa mlimani Sera ananyanyua kichwa, mama anamwambia lala, analala. Nimemsomea mama meseji yako. Hajajibu kitu, kaenda kuchambua mchicha.

Kwa hiyo njoo, treni ya SGR siku hizi inafika mpaka huku, huna cha kusingizia. Kamba acha huko huko. Lete dagaa kilo kumi, na hela ya chanjo ya mwaka huu, mbwa wanne.