Tuwageuzie watoto maumbo, wasikariri picha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa Hisabati wa shule za msingi. Watoto wengi tunaodhani wanayajua maumbo wameshika picha tu. Chora mraba uliosimama kwa kipeo kimoja, yaani kona, kisha uulize darasa hilo ni umbo gani. Wengi watajibu "almasi" au "tiara". Mraba ni uleule, ila umekaa vingine. Kosa ni letu, maana siku zote tunauchora umelalia upande wake.

Kiswahili kimetupa msaada mkubwa: pembetatu, pembenne, pembetano, pembesita. Jina lenyewe linamwelekeza mtoto ahesabu nini. Ila kabla ya kuhesabu, ahakikishe umbo limefunga, pande zote zimenyooka, na hakuna pande zinazokatana. Likifaulu hayo ni poligoni. Mwekee na yasiyo poligoni: duara, nusu duara, na pembetatu yenye pengo la nusu sentimita kwenye kona. Pengo hilo dogo ndilo linalomfundisha kuchunguza.

Penye shida hasa ni maumbo yenye kona iliyoingia ndani. Chora ramani ya chumba chenye umbo la herufi L. Ni pembesita kamili, lakini watoto watakataa kwa sababu pembesita pekee waliyowahi kuiona ni ile ya sega la asali. Wengine watahesabu pembe tano, wakiiruka ile ya ndani. Dawa yake ni kokoto: aweke moja kwenye kila kipeo akizunguka umbo mpaka arudi alipoanzia, ndipo azihesabu.

Ubao wa misumari unasaidia sana, na fundi yeyote atautengeneza: mbao ya sentimita 20 kwa 20, misumari 25 katika safu tano za misumari mitano, kila msumari sentimita 4 kutoka kwa mwenzake, na mipira ya kufungia noti ambayo mtoto ataivuta kwenye misumari kuunda maumbo. Tahadhari mbili. Mtoto huhesabu misumari akadhani amepima urefu. Kutoka msumari hadi msumari kwa kunyooka ni sentimita 4, kwa mshazari ni karibu 5.7. Pia pembetatu yenye pande zote tatu sawa haipatikani kwenye ubao huu hata ufanyeje. Kwa hiyo, tumia vijiti vitatu vya urefu mmoja.

Halafu kuna sentensi ambayo ningependa ifutwe kwenye kila daftari: "Mstatili una pande mbili ndefu na mbili fupi." Hiyo ndiyo inayomfanya mtoto akatae katakata kwamba mraba nao ni mstatili. Mstatili ni pembenne yenye pembe mraba (za nyuzi 90) nne, basi. Pembe mraba ya kupimia mtoto aitengeneze mwenyewe: akunje karatasi mara moja, kisha aikunje tena mpaka mkunjo wa kwanza ujilalie sawasawa. Kona hiyo ni pembe mraba, hata kama karatasi ilichanwa ovyo. Aiweke kwenye pembe zote nne za mraba, kisha za rombasi iliyoinama. Rombasi ina pande nne sawa kama mraba, lakini kona ya karatasi haitakaa. Hapo mwache aeleze tofauti kwa maneno yake kabla hujampa jina.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro