Gesi itakuja, lakini kuni tulizonazo nani atatufunza kuziwasha?

Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji maana hili limenikaa rohoni tangu masika ya mwaka jana. Kila siku tunasikia nishati safi, nishati safi, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, jambo la kheri na mie naliunga mkono, ila mie ni muuza maandazi huku Wete, mtungi wa gesi ninao na siku nyingi umekaa mtupu, kwa hiyo alfajiri nawasha kuni kama alivowasha bi mkubwa wangu na mama yake. Sasa suali langu, kutoka leo mpaka hiyo 2034 tunapika vipi? Tunaambiwa kuni tuziache, basi. Namna ya kuziwasha wakati bado tunazo hatwambiwi.

Watu wanadhani moshi ndo tabia ya kuni. Si kweli jamani. Moshi ni kuni ambayo haijaungua, mti ukipata joto unatoa hewa, hewa ile ikikuta moto mkali na upepo wa kutosha inawaka chini ya karai, ikikosa inapaa hivohivo inaingia machoni na vifuani na kwenye makuti ya paa. Ukiona moshi mzito jua kuni uliyoitolea pesa inapotea na chakula hakijaiva.

Masika ile niliuziwa mzigo wa kuni za mwembe, kwa nje zimekauka kabisa. Alfajiri unga umeshaumuka, nawasha, naona ncha ya nyuma inatoa povu na inalia tsiii, kumbe maji yanachemka ndani ya mti, joto lote linaishia kukausha kuni na mafuta hayapati moto. Maandazi yalikunywa mafuta hayaliki, watoto wa skuli wakapita hawakukuta kitu, na bi mkubwa ambae chumba chake kiko ubavuni mwa jiko alikohoa mpaka adhuhuri. Daktari aliwahi kumuuliza, mama unapikia nini, kabla hata hajampima kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na mie nikisoma hesabu ile namuona yeye.

Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na ili uwake vizuri yanatakiwa yashuke chini ya asilimia 20. Kwa hiyo kuni za masika zitayarishwe wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua lipo. Zipasuliwe ziwe nyembamba, gogo zima na ganda lake halikauki upesi, halafu zipangwe juu ya vigogo viwili zisiguse ardhi, juu bati, ubavuni pawe wazi upepo upite, usije ukazigubika nailoni mpaka chini zitavunda. Kuzijua ni rahisi, gonga mbili, kavu inalia ko! na nchani ina nyufa, mbichi mlio wake mzito na ukiinyanyua unausikia uzito.

Na jiko nalo lipumue. Mie nikilaza kuni juu ya majivu miaka yote, mpaka fundi mmoja wa kuchomea vyuma akanambia dada huu moto wako hauna pumzi. Akanikatia vipande vinne vya nondo tukavitandika ndani, kuni zikakaa juu yake na chini pakabaki uwazi kama wa ngumi, na majivu nayazoa kila asubuhi. Wallahi mzigo niliokuwa nautumia siku tatu sasa unaingia siku ya nne. Jengine, tusijaze kuni. Moto ukilegea sisi ndo tunazidi kusukumiza, tunauziba, wakati kinachotakiwa ni ncha tu ziungue halafu unasogeza polepole. Kuwashia vifuu vikavu vinatosha, mafuta ya taa na mifuko ya plastiki usitie kabisa, ile ni sumu. Na chungu kifunikwe, maharage yarowekwe tangu usiku, maana kuni inayobaki ni mkandaa mmoja, mti wa mikoko, uliosalimika huko pwani.

Waliwahi kuja watu wa mradi mtaani wakagawa majiko banifu, mazuri kweli, wakaonesha siku moja wakaondoka. Jirani yangu akalitia kuni mbichi, likatoa moshi ule ule, akaliweka stoo mpaka leo. Jiko halikuwa na kosa wala yeye hana kosa, hakuna aliemwambia. Ndo maana nawaomba masheha na wanaotuitia vikao vya nishati safi waje na kuni mbili, mbichi na kavu, waziwashe pale pale mbele ya kina mama, itafahamika bila ya karatasi.

Zangu za masika ijayo nimeshaziagizia. Anaetaka kuja kutazama zinavopangwa aje baada ya saa nne asubuhi nikishamaliza kuuza, uwani hodi tu.

Mama Maandazi,
Wete, Pemba