Sanamu za nta: kikao Jumamosi

Assalaam aleikum jamaa zangu, waongoza watalii wote.

Lile wazo la jumba la sanamu za nta za watu mashuhuri hapa Malindi sijalilalia. Nimesoma. Marie Tussaud, mzaliwa wa Strasbourg, alikwenda Uingereza mwaka 1802, akazitembeza sanamu zake mji hadi mji kwa miaka mingi, na 1835 ndipo akatulia London, Baker Street. Yaani alianza bila jumba! Hilo limenipa moyo sana.

Kazi yenyewe ni ya subira. Sura hufinyangwa kwanza kwa udongo, ikatolewa kalibu ya plasta, kisha nta humiminwa. Nywele hupandikizwa unywele mmoja mmoja.

Kinachonikosesha usingizi ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, lakini hulainika mapema zaidi. Kaskazi ikishika, chumba bila kiyoyozi hakifai, kwa hiyo tupige hesabu ya stima kabla ya kodi ya nyumba.

Wa kwanza awe nani? Mimi namtaka Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Mgeni asimame naye uso kwa uso, aulize habari zake, nasi tumsimulie. (Na yule twiga aliyefikishwa China kutoka Malindi mwaka 1415 tusimsahau, hata akichorwa ukutani tu.)

Tukutane Jumamosi baada ya alasiri, pale pale gatini. Wenye jamaa wanaofuga nyuki, njooni na bei ya nta kwa kilo.