Barua ya wazi kwa vijana wa timu za kesi za mfano: msikilizeni shahidi

Wanangu,

Jumamosi iliyopita nilialikwa kukalia kiti cha hakimu, vijana wa vyuo viwili vya hapa Dar wakishindana kuendesha kesi ya mfano. Nilirudi nyumbani na hasira, na kwa kuwa wengi wenu mnajiunga na timu muhula huu, nawaandikia kabla haijapoa.

Kesi ilikuwa ya wizi wa bodaboda, usiku, Sinza. Binti aliyekuwa shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, akaeleza vizuri: alikuwa ng'ambo ya barabara, umeme umekatika mtaa mzima, na yeye alimwona mwizi "usoni kabisa". Wakili wa utetezi akasimama kwa maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, suti imemkaa, karatasi mbili mkononi, akayasoma yote kama alivyoyaandika bwenini. Unaishi wapi? Una ugomvi gani na mshitakiwa? Binti akijibu, yeye anatafuta mstari unaofuata. Mwisho akapiga meza: "Wewe ni mwongo! Jibu ndiyo au hapana!" Ukumbi mzima makofi. Kuhusu giza hakuuliza hata swali moja.

Giza ndilo lililokuwa kesi yenyewe! Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri mwaka 1980, kila anayemtetea mtu aliyetambuliwa usiku anajua pa kushika: mwanga ulikuwaje, umbali gani, alimwangalia kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla? Unauliza kwa sauti ya kawaida, swali moja moja, kisha unakaa. Shahidi alishampa wakili yule utetezi wake bure, naye hakumsikia.

Tena acheni kumfokea shahidi. Shahidi wa kweli ni mama lishe aliyefunga biashara siku nzima, nauli ya kurudi hana hakika nayo, amekuja kwa sababu ameitwa. Ukijizoeza kumdhalilisha mwenzako ukumbini, ukishavaa joho utamfanyia hivyo hivyo yule mama, na kesi nyingine atakataa kuja.

Najua makofi yale hamkuyaanzisha ninyi. Sisi wazazi ndio tuliowaonyesha kwamba anayepaza sauti ameshinda; mmeyaona kwenye mikutano, redioni, hata kwenye vikao vya harusi. Shuleni tukawakaririsha majibu miaka yote, leo tunashangaa kijana hawezi kuuliza swali ambalo hakuliandika. Hilo ni deni letu, na ninyi mnaweza kuanza kulilipa mapema kuliko sisi.

Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Basi fanyeni mazoezi kwa Kiswahili pia. Nimechoka kuona hoja nzuri ikifia kwenye matamshi ya Kiingereza.

Mengine ni machache. Andaeni pande zote mbili za shauri. Shahidi wako mwenyewe usimwulize maswali ya kuongoza, yale yanayomtajia jibu. Ukitoa pingamizi, taja sababu. Mwenzako akisimama kupinga, wewe kaa. Kielelezo kipokelewe kwanza ndipo kisomwe. Na nafasi ya shahidi msiwatupie wanachama wapya wa timu kana kwamba ni adhabu. Marekani, kwenye mashindano ya vyuo, shahidi hupewa alama zake kama wakili anavyopewa.

Kabla ya mazoezi ya kwanza, nendeni mkasikilize kesi Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Mashauri mengi husikilizwa mahakama ya wazi, hamhitaji mwaliko. Fikeni asubuhi, vaeni kwa heshima, zimeni simu, msalimieni karani na mwulizeni ni shauri lipi lina mashahidi siku hiyo, maana mengi yatakuwa ya kutajwa tu na kuahirishwa. Mkilipata, kaeni nyuma, daftari mlifunge, mmsikilize shahidi mpaka amalize. Kisha kila mmoja, peke yake, aandike maswali ambayo angemwuliza.